Kiti Kilichongoja Miaka Mia

Mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea tena.

Asubuhi Mwajuma aliupiga makofi mpaka ukajaa, na tangu hapo hakuna aliyeingia sebuleni. Sasa ilikuwa karibu na adhuhuri. Akaugusa. Una joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, na AC ya chumba kile ilikuwa digrii kumi na nane. Akautoa mkono upesi, akaufuta kwenye aproni.

Kiti chenyewe, jamani, si cha kukalia. Kimepakwa dhahabu, mgongoni kina ndege wa vichwa viwili, na wanaume wanne walitoka jasho kukiingiza kwenye ile villa ya West Bay, huko Uarabuni. Mwenye nyumba, Madamu Zinaida, mjane wa Kirusi, alimwambia kila mgeni kuwa ni kiti cha wafalme wa kwao. Babu yake alikitorosha baada ya mfalme wa mwisho kupigwa risasi pamoja na wanawe. Julai hii ya 2018 ilikuwa inatimia miaka mia, na miaka mia ikitimia ufalme unarudi, na atakayekikalia ni Maksim, mwanawe wa pekee. Maksim huyo! Mwanamume wa miaka arobaini na mbili, hajui hata kujichemshia yai. Lakini Kombe la Dunia lilipochezwa Urusi, mama mtu alishangilia: "Mnaona? Dunia nzima imekwenda kumpokea."

Alijuaje? Kwa ndoto. Kila siku baada ya chakula cha mchana alijilaza kwenye kochi linalotazamana na kiti, nusu saa tu, kisha akapiga kengele. "Nimeota," angesema kwa Kiarabu chake cha jikoni. Mwajuma, mtoto wa Pangani, alilelewa hivi: mtu akikwambia ameota, unaitikia "Kheri" kabla hujasikia ndoto yenyewe, ili iangukie kwenye wema. Aliitikia bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu. Madamu alilipenda neno lile. Na ndoto zikawa kweli, moja baada ya nyingine.

Mpaka siku aliyomwota Loice.

Loice, mtumishi mwenzake wa kufua na kupiga pasi, alikuwa Mkenya wa Kakamega, analala chumba kimoja na Mwajuma, mcheshi, hamwogopi mtu. Mwezi Juni medali ya fedha ya babu ilipotea. Mchana kengele ikalia. "Nimeota," akasema Madamu. "Kheri," akaitikia Mwajuma, sinia mkononi. "Nimeota mwizi ni Loice."

Basi, ushahidi ukawa huo! Madamu akamfungia chumba cha kufulia kule juu darini, bati tupu, hakuna AC, mpaka akiri. Simu zao akazifungia kabatini. Dereva, Hamisi, alikuwa likizo kwao Pemba. Mwajuma alipanda akalala kifudifudi mlangoni, na sauti ikamjia kwa chini: "Mwaju, aki niletee maji. Huku ni moto mbaya." Lakini uwazi ule wa chini ya mlango haupitishi hata kijiko, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Madamu. Siku ya pili, alasiri, kukawa kimya. Hospitali wakasema moyo ulisimama. Sanduku la maiti likaenda Kakamega. Wiki moja baadaye medali ikaonekana ndani ya mto wa kiti, na Madamu, bila haya, akasema Loice ndiye aliyeificha humo.

Hamisi aliporudi, Mwajuma alimweleza yote jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili wasisikike.

"Kile kiti kina mwenyewe," Hamisi alinong'ona. "Siku tuliyokibeba nilimsikia anapumua."

"Jini, ami?"

"Ssh! Yeye huleta picha tu. Hana nguvu mpaka binadamu aitikie. Neno la kwanza ndilo linalomfungulia. Na wewe mwanangu, ulikuwa ukimfungulia kila siku."

Mwajuma alishika ukingo wa sinki. "Basi mimi ndiye niliyemuua Loice."

"Kamuua mwenye ufunguo. Lakini nisikilize. Yule bibi akisema ameota, nyamaza. Ukimfungulia huyo kwa kujua, tena kwa chuki, atakufuata wewe. Ndoto zako ataziitikia yeye."

"Ninyamaze? Loice alinyamaza, ami. Mimi nimechoka."

Tarehe kumi na saba Julai, siku yenyewe ya miaka mia, kengele ililia kabla ya saa nane mchana. Madamu alikuwa ameketi wima kwenye kochi, macho yanang'aa. "Nimeota Maksim amekaa kitini. Watu wamepiga magoti, kengele za kanisa zinalia. Na nyuma yake kasimama yule Loice, kashika taji." Akangoja. "Haya, sema lile neno lako."

Harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi ilianza kuingia chumbani, mwanzo kidogo, kisha ikajaa mpaka puani pakawasha, ingawa hakuna aliyekuwa akipiga pasi tangu Loice afe, na mle kitini mto ukaanza kubonyea taratibu mbele ya macho yake, upande mmoja kisha upande wa pili, kama anavyojiweka mtu mnene anayetaka kusikiliza vizuri, na miguu ikamwambia kimbia, na hasira ikaiambia miguu isimame.

"Atakaa leo," alisema. "Na hatainuka tena."

Madamu alimrukia, akamshika mabega. "Futa! Sema kheri!"

"Loice aliniomba maji, Madamu. Mimi sikuwa na ufunguo."

Maksim ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini. Mama yake akamkamata mkono, akampandisha ngazi mbiombio. Nyumba nzima ilikuwa na viti, isipokuwa chumba kimoja. Akamsukuma chumba cha kufulia, akafunga. "Mpaka jua litue, mwanangu. Siku hii ipite tu." Na yule bwana, kama kawaida yake, akatii.

Haikupita saa moja, mlango ukaanza kugongwa. Madamu alikuwa amekaa kwenye ngazi, ufunguo kaukumbatia. "Unamsikia?" alimnong'oneza Mwajuma. "Anaomba maji. Ni yeye. Ni sauti ya Loice!"

Mwajuma alisikia. Alisikia vizuri kabisa sauti nzito ya mwanamume, Maksim huyo huyo, anaita mama, mama, anapiga bati kwa viganja, na sauti inakauka, na kila akiita mama yake anaziba masikio na kumtazama mtumishi wake kwa macho ya kuomba, aambiwe tu kwamba ni mwanawe, aambiwe neno moja afungue, na Mwajuma akaiona ile sura ya Loice siku ya pili walipomtoa, midomo imepasuka.

"Ndiyo, Madamu," akasema. "Ni Loice."

Adhana ya magharibi ilipolia, Madamu alifungua. Maksim alikuwa amekaa, mikono juu ya dhahabu ya kile kiti cha sebuleni, kichwa kimeinuka, midomo imepasuka, amekufa. Kiti kile kisingepita kwenye mlango ule hata ungeng'olewa na fremu yake. Chini sebuleni zilibaki alama nne za miguu ya kiti kwenye zulia. Polisi walimchukua Madamu, na ufunguo bado ulikuwa shingoni mwake.

Hamisi alimsaidia Mwajuma kurudishiwa pasipoti yake, akampeleka uwanja wa ndege. Walipoagana alisema tu, "Usilale mchana."

Pangani, wiki ya pili, usingizi ulimshinda baada ya chakula. Akaota yuko mahali penye giza, pana joto, anagonga bati, anaomba maji, na kwa nje mtu amekaa kimya anamsikiliza. Akaamka kajaa jasho, akamwita mama yake aliyekuwa akipepeta mchele uani.

"Mama! Nimeota..."

"Kheri," ikaitikia sauti kutoka kwenye kona ya chumba, upole upole. Mama yake bado alikuwa uani, hajafungua mdomo. Harufu ya pasi ilikuwa imeshaingia chumbani, na sauti ile Mwajuma aliijua vizuri, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe.