Paka wa Mlango wa Nyuma

Kwanza naomba radhi, maana hadithi hii nitaiharibu. Mimi nimefundishwa kuchekesha. Mwalimu mmoja wa misheni alinipandisha jukwaani nikiwa na ndevu tatu tu kidevuni, akanifundisha kuanguka bila kuumia, kulia bila machozi, na kunyamaza kidogo kabla ya kila neno zito ili watu wakae mkao wa kucheka. Hicho kimya kidogo ndicho kilichoniponza, mtaona wenyewe. Basi nikisimulia kisa hiki watu huangua kicheko pale ambapo mimi nilikuwa natetemeka. Wewe nawe ukicheka sikulaumu. Ila ukishamaliza, nenda kautazame mlango wako wa nyuma.

Ulikuwa mwaka ule nzige walipopita Mwanza wakala mtama, mihogo, na nasikia hata kofia ya ukindu ya karani mmoja, akiwa ameivaa. Mvua zilizofuata ziliangusha paa la chumba changu. Mke wangu, Paskazia, akarudi Kisesa kwa kaka yake Mihayo, akaniachia turubai moja na ndoo zangu za rangi. Jukwaani nilikuwa mchekeshaji, lakini ugali nilikula kwa kupaka rangi nyumba za watu.

Mihayo akaniletea neno, na hakuwa anacheka.

"Shemeji, dada yangu halali tena chini ya turubai. Jumamosi namleta mjini. Ukiwa na nyumba, namwacha. Ukiwa huna, narudi naye, na safari hiyo usimfuate."

Kwa hiyo Jumanne, jua likielekea kuzama, nilikuwa nimesimama kibarazani kwa Mama Jasuben nimeshika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa mjane mwenye nyumba ya kupangisha kule Mirongo, karibu na kijito. Mpangaji wake, Bi Zohra, mama mtu mzima aliyeishi peke yake, alikuwa amepanda meli ya Bukoba asubuhi ya jana yake bila kuaga. Sufuria aliziacha jikoni. Paka wake nao aliwaacha.

"Fundi Mhoja," akasema Mama Jasuben, "piga chokaa ndani, paka rangi mlango wa mbele na wa nyuma, ondoa paka. Jumamosi asubuhi nyumba ikiwa safi, utakaa wewe na mke wako. Isipokuwa safi, namwita karani wa pamba, naye anaitaka."

"Paka rangi, ondoa paka," nikarudia. "Nisije nikakosea mama, nikaondoa rangi nikapaka paka!"

Hakucheka. Alinipa ufunguo kwa ncha za vidole, kama mtu anayekabidhi kitu cha moto.

"Paka wangapi, mama?"

"Saba. Labda wanane. Hawakai wakahesabika."

Alikosea. Walikuwa wamekaa vizuri sana.

Nilifungua mlango wa mbele, nikapita chumba cha kwanza, nikafika ukumbini. Giza lilikuwa linaanza kujikusanya kwenye pembe. Harufu ya samli iliyochacha ilinipiga puani. Na pale, mbele ya mlango wa nyuma, paka saba walikuwa wamepanga mstari. Wamenyooka kama askari kwenye gwaride. Migongo yao kwangu, nyuso zao mlangoni.

Nikakohoa.

Hakugeuka hata mmoja.

Mimi nimewahi kusimama mbele ya watu waliogoma kucheka, lakini kupuuzwa kwa namna ile sikuwahi. Nikaona wazi kuwa hawa si paka wa kukamata panya. Mtu anayeishi peke yake, anayeondoka bila kwaheri, anayeacha paka saba waliopanga mstari... Nikamshuku Bi Zohra. Nikawashuku paka. Nikaushuku hata mlango, maana nilipougusa kiganja kilinata. Ubao wote, kutoka juu hadi kizingitini, ulikuwa na mafuta mazito ya manjano yenye manyoya ya paka. Mlango wa mbele ulikuwa mkavu kabisa.

Jikoni nikakuta karatasi imepigiliwa msumari ukutani. Herufi kubwa za penseli, zimebanana, bila nukta wala koma. Mama Jasuben alisoma Kigujarati tu, kwa hiyo hakuwa ameigusa. Nikaisoma kwa sauti, kijukwaa, kila neno nalipa kimya chake:

"Paka!... Mlango wa nyuma!... Samli, kila Alhamisi, kabla ya magharibi!... Usiache!"

Nikacheka mpaka sufuria zikaitikia. Kumbe mabwana hawa wanakula samli! Wana siku yao, wana saa yao, na meza yao iko mlangoni! Mimi mwenyewe samli nilikuwa nimeionja mara mbili tu tangu nioe.

Jumatano nikaanza kazi mapema. Rangi haishiki juu ya mafuta, hilo kila fundi analijua. Nikachemsha maji, nikachukua jivu, nikausugua ule mlango wa nyuma mpaka adhuhuri, mpaka ubao ukatoka mweupe kama jino. Paka walinitazama. Sasa ndiyo walinitazama, wote saba. Mmoja, jike la kijivu lisilo na sikio la kushoto, alikuwa akilia kwa sauti ya chini kila nikikwangua. Siyo nyau. Ni kama mtu anayesema, "Aa-aa... aa-aa..."

Mchana akaja Ngosha, rafiki yangu mwenye punda na mkokoteni, na matenga mawili ya kuku. Binamu yake wa Mkolani alikuwa na ghala la mtama lililojaa panya, akasema atawapokea. Nilitegemea vita. Paka wakaingia matengani wenyewe, mmoja mmoja, wakakaa kimya. Yule asiye na sikio tu ndiye aliyeruka darini akagoma kushuka.

Ngosha akajiangalia mikono, huku na huku.

"Fundi, hawa siyo paka. Paka angenikwaruza."

"Wamestaarabika. Wanakula samli hawa."

"Mi nakwambia. Wanaondoka kama watu waliomaliza zamu." Akampiga punda, hakuaga.

Jioni ile nikapaka mlango rangi ya kijani. Mlango mzuri huo! Nikamtumia Mihayo salamu kwamba nyumba ipo.

Alhamisi nilimaliza chokaa jua likiwa limelala juu ya ziwa. Nikakumbuka karatasi, nikaing'oa ukutani nikaitia mfukoni. Mimi ni mtu wa neno langu, hata kwa paka. Nikachota samli iliyobaki kwenye kopo la Bi Zohra, nikaweka kisahani chini ya mlango wa nyuma.

"Haya bibi," nikamwita yule wa darini. "Alhamisi yako hiyo."

Akashuka. Hakukitazama kisahani. Alikaa mbele ya mlango, pale pale kwenye nafasi yake ya mstarini, nafasi sita zikiwa tupu kando yake. Manyoya ya mgongo yakainuka taratibu.

Nje, wanaorudi kutoka sokoni walikuwa wanapita, nawasikia wanaongea. Halafu sikuwasikia.

Halafu hata vyura wa kijito wakanyamaza.

Harufu ya rangi mpya ikapotea. Ikaja nyingine... matope ya chini kabisa ya ziwa, na nywele zilizoungua.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Pole, imechoka na safari. Nyuma ya mlango wa kijani.

Moyo ukanidunda kwa furaha. Ilikuwa sauti ya Paskazia. Mihayo kamleta mapema, nikajisemea, kanionea huruma. Paka akasogea akasimama juu ya mguu wangu, akauma suruali, akavuta nyuma.

"Hodi, baba."

Paskazia haniiti baba. Hatuna mtoto. Huniita Mhoja, na akikasirika huniita Bwana Kuchekesha.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga mdomo. Lakini mimi nilikuwa na neno langu la jukwaani. Kila mchezo, mtu akibisha hodi, nilikuwa naruka katikati, nafungua mikono, nanguruma maneno yale yale, na ukumbi mzima unaitikia nami. Miaka kumi ya mazoea. Mdomo ulifunguka kabla ya kichwa.

"Karibuuu! Nyumba ni yako!"

Komeo likainuka lenyewe.

Mlango ukafunguka kiasi cha mtu kupita ubavu ubavu, ukarudi ukajifunga. Sikuona mtu. Naapa sikuona. Lakini paka aliona. Macho yake yalikuwa juu, usawa wa uso wa mtu mzima, nayo yakaanza kutembea... polepole... kutoka mlangoni, yakapita mbele yangu, yakaenda pembeni kwenye kiti cha Bi Zohra.

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akikaa.

Paka akakitazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi, jinsi mzee anavyomtazama mtoto aliyevunja mtungi. Akaruka dirishani, akaenda zake.

Paka ameondoka, wewe unangoja nini? Nilitoka kwa mlango wa mbele bila kofia, na yale mafunzo ya kuanguka bila kuumia yakanisaidia kibarazani.

Jirani wa upande wa pili alikuwa Mama Odeta, mwanamke wa Kihaya aliyekuwa na nywele nyeupe tayari. Wiki nzima alikuwa kwa binti yake, alirudi mchana ule ule. Alinikuta nimekaa kizingitini kwake nikihema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, mbona umepakaa chokaa usoni?"

"Siyo chokaa, mama. Ndiyo uso wenyewe."

Nikamweleza yote, kwa kunong'ona. Hakunikatiza. Mwishoni akauliza kitu kimoja tu.

"Zohra aliniahidi ataacha maandishi kwa atakayeingia. Hakuyaacha?"

Karatasi ilikuwa mfukoni. Mama Odeta hakujua kusoma, akaniambia nisome. Mdomo ulikuwa mkavu, sikuwa na pumzi ya vimya wala mbwembwe. Nikasoma kama ilivyoandikwa, kwa mkupuo mmoja:

"Paka mlango wa nyuma samli kila Alhamisi kabla ya magharibi usiache."

Mama Odeta akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo hivyo. Kila Alhamisi nilikuwa namwona na kitambaa chake, anapaka. Paka wanakuja kulamba, wanakaa hapo hapo wiki nzima. Nikamuuliza, unamzuia nani? Akasema ni dada yake, aliyezama ziwani, anataka kuja kukaa naye. Sikujua kama ni samli inayomzuia au ni paka. Nadhani hata yeye hakujua."

Nikatazama karatasi. Nikatazama mikono yangu, ina rangi ya kijani chini ya kucha.

"Nitarudi sasa hivi," nikasema. "Kopo halijaisha. Nitaupaka."

"Paka," akasema Mama Odeta. "Lakini niambie kwanza, mwanangu. Huyo uliyemkaribisha yuko ndani. Ukipaka leo, unamfungia nje au unamfungia ndani?"

Sikurudi.

Jumamosi nikawangoja Paskazia na Mihayo njiani, nikawaambia nyumba sina. Mihayo akaanza kumgeuza dada yake. Nikamsimulia kila kitu pale pale barabarani, vibaya kama ninavyokusimulia wewe. Mihayo akacheka. Paskazia hakucheka. Aliuliza, "Ilikuwa sauti yangu kabisa?" Nikasema kabisa. Akamwambia kaka yake, "Niache nikae na huyu. Kama iko sauti yangu nyingine inatembea, nataka awepo mtu wa kuwaambia watu ipi ni yangu."

Tulipata chumba Mkolani, kwenye uwanja wa binamu wa Ngosha, jirani na ghala la mtama. Kina mlango mmoja tu, nilihakikisha. Siku ya tatu yule wa kijivu asiye na sikio alikuja mwenyewe, kwa miguu, akawakuta wenzake. Wote saba hulala kizingitini kwetu. Kila Alhamisi Paskazia anapaka, mimi nashika kopo.

Nyumba ya Mirongo haikupata mtu. Karani wa pamba alilala usiku mmoja. Baada ya mwezi, Mama Jasuben akaniita, amekasirika.

"Fundi, si ulinirudishia ufunguo? Mbona bado unakaa kwangu?"

"Nani, mama? Mimi?"

"Jana nimebisha hodi mwenyewe kuangalia paa. Umenijibu kutoka ndani! Sauti yako, ile ya jukwaani. 'Karibuuu! Nyumba ni yako!'"

Jana yake nilikuwa Kisesa, nachimba shimo la choo cha Mihayo, mashahidi wanne.

"Uliingia, mama?"

Akaanza kusugua kidole kimoja kwa kingine, kama kinanata.

Watu huniuliza namlaumu nani. Bi Zohra aliyekimbia bila kuaga? Dada yake? Paka walioshindwa kusema? Hapana. Mimi ni fundi. Miaka kumi na tano nakula, navaa na kuoa kwa kazi moja inayoitwa kupaka. Siku moja tu neno la kazi yangu likaandikwa mbele yangu kwa herufi kubwa, nikaliona lina mkia.