Mpokezi wa Wodi ya Tatu

Tangu zamu irefushwe kutoka saa nane za kazi hadi saa kumi na mbili za kazi, sanduku la maoni la wodi ya wanawake lilikuwa likijaa malalamiko. Lakini wiki ile ya Julai karatasi zote zilisifu. Muuguzi wa jioni hachoki. Muuguzi wa jioni hukaa nasi. Ila mikono yake ni ya baridi.

Metroni alifurahi, akatangaza kwamba zamu ndefu itabaki. Gaudiosa Simfukwe, muuguzi wa wodi hiyo, hakufurahi. Yeye kila alasiri huitwa chumba cha upasuaji, na wodi hubaki kwa mwenzake, Bertilla Sichone, ambaye ikifika saa kumi hujifungia stoo ya mashuka akalala.

Siku moja ya wiki hiyo alirudi wodini jua likizama. Mlangoni alikutana na harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa masika, ingawa Ufipa haikuwa imeona mvua tangu Aprili. Kabula Masanja, bibi wa Kisukuma aliyepasuliwa tumbo, akamvuta mkono.

"Mwanangu," alinong'ona, "yule mwenzenu mgeni hapumui."

Gaudiosa akamwamsha Bertilla, akamuuliza huyo mgeni ni nani. Bertilla hakukana. Alisema miguu ilikuwa imemvimba, mtu mwenye sare nyeupe akasimama mlangoni akisema amekuja kumpokea, naye akamkabidhi wagonjwa kama wanavyokabidhiana siku zote, kitanda kwa kitanda, jina kwa jina, bila kuinua macho kutoka daftarini.

Basi Gaudiosa akalichukua daftari. Kilichotolewa kwa jina kingerudishwa kwa jina. Akaanza kitanda cha kwanza, "Nampokea Fransiska," akaenda cha pili, na kila jina alilolitaja mgonjwa alishusha pumzi na joto likarudi shukani, huku nyuma yake nyayo zisizo na viatu zikimfuata hatua kwa hatua, na harufu ile ya udongo ikimjaa puani, mpaka akampokea Kabula, wa kumi na mmoja, akafika kitanda cha kumi na mbili, kilichokuwa kitupu tangu Hellena aruhusiwe kurudi kwao Mwazye, na mstarini pake, kwa mwandiko wa Bertilla, akasoma: Gaudiosa Simfukwe.

Bertilla ndiye aliyemsimamia mwana wa Gaudiosa ubatizoni.

"Kile kitu kilitaka watimie kumi na wawili," Bertilla alisema. "Ningemtaja nani?"

"Nipokee basi, dada. Mtu hajipokei mwenyewe."

Bertilla alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja kamili. Akachukua mkoba wake.

"Zamu yangu imekwisha," alisema, akatoka bila kugeuka.

Kiganja cha baridi kikatua taratibu kwenye paji la uso la Gaudiosa, kama cha muuguzi mwema anayepima homa.

Jumatatu metroni alifungua sanduku. Karatasi zilikuwa kumi na moja, zote za sifa. Ya Kabula, aliyeandikiwa na mjukuu wake, ilisema: Siku hizi wauguzi wa jioni ni wawili. Huyu wa pili tulikuwa tukimfahamu.