Nani Aandikwe Mbele

Didier alikataliwa na Kanada. Barua ilifika Bunia mwanzoni mwa mwaka 2002, imepitia Kampala mfukoni mwa mchuuzi wa samaki. Ilisema alama zake za kuombea viza hazikutosha. Kwa kweli hazikukaribia kutosha.

Wakati huo Didier alikuwa anauza essence, yaani petroli, kwa chupa kando ya barabara. Kabla ya vita alinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Bambu na kuiuza mjini. Barabara ya Bambu ilipojaa vizuizi na bunduki, biashara ilikufa. Mke wake, Clémence, alikuwa infirmière A1, muuguzi mwenye diploma, kwenye maternité. Alizalisha wanawake kwa mwanga wa taa ya mafuta, huku risasi zikisikika mtaa wa pili. Mshahara ulikuwa neno tu.

Nyumbani kulikuwa na watoto watatu. Ushindi alikuwa na miaka minane. Abigaël alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mkubwa alikuwa Falone, binti wa Laurent, kaka yake Didier. Laurent na mkewe waliuawa Bambu siku moja. Falone alifika Bunia juu ya lori la mihogo, na tangu siku hiyo alimwita Didier papa. Kwetu ndivyo ilivyo. Ndugu ya baba ni baba.

Clémence alichukua ile barua akaipeleka kwa jirani yao, mama Bibiane. Mama Bibiane alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Mdogo wake alikuwa amekwenda Montréal na familia yake kwa njia hiyohiyo, na yeye ndiye aliyemsaidia kupanga dosiye, zile karatasi za maombi. Alikuja jioni, akaomba kuona kopi ya kile walichotuma. Alisoma ukurasa wa kwanza tu, akauliza:

"Nani alisema jina ya papa Ushindi iandikwe mbele?"

"Ni miye," Didier akajibu. "Nani mwingine? Ni miye kichwa ya nyumba."

Mama Bibiane hakubishana. Alieleza polepole, kama darasani. Nchi ile haiangalii nani amekimbia vita zaidi, alisema. Kwa waliokimbia vita kuna njia nyingine. Hii ni njia ya wafanyakazi wenye ujuzi, na katika njia hii wanahesabu. Wanatoa alama kwa masomo, kwa lugha, kwa miaka ya kazi yenye ujuzi, na kwa umri. Mume na mke wanaomba pamoja, lakini mmoja ndiye anayehesabiwa kwanza, na wanaruhusiwa kuchagua wenyewe nani. Mwingine huongeza alama chache tu.

"Sasa tuhesabu," alisema. "Papa Ushindi, shule uliacha wapi?"

"Deuxième secondaire, mwaka ya pili tu."

"Hakuna alama. Dhahabu ulinunua miaka kumi. Nani atakuandikia barua kusema ulifanya?"

"Wale batu ya Bambu wamekufa ao wamekimbia."

"Hakuna alama. Mama Ushindi, weye?"

Clémence alikuwa na diploma ya miaka mitatu baada ya diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari. Alikuwa na miaka sita ya kazi hospitali. Kifaransa alikiandika vizuri. Na umri wake ulikuwa bado unapata alama zote. Mama Bibiane akasema kwamba kama wangemwandika Clémence mbele tangu mwanzo, labda sasa wangekuwa hatua ya mwisho, wanapimwa afya.

Didier alitoka nje akaenda kusimama kwenye chupa zake. Giza lilikuwa limeshaingia. Hapakuwa na mteja.

Habari ilifika kwa Tharcisse, muuza vipuri vya pikipiki aliyekuwa rafiki yake. Tharcisse alicheka mpaka akakaa chini.

"Mukubwa, basi utabebwa mu mugongo ya muke. Mwambie akufunge na kitambaa muzuri. Usianguke njiani."

Kila asubuhi alimuuliza kama amenyonya. Didier alivumilia, lakini maneno yale yalimwingia. Miezi miwili hakutaka kusikia neno dosiye. Alisema atanunua diplôme d'État kwa mtu mmoja wa mjini anayezitengeneza, kisha atatuma tena kwa jina lake.

Clémence alimjibu bila kupaza sauti, akiwa anafua koti lake jeupe lenye damu ya watu.

"Fanya. Wataandika kule shuleni kuuliza. Watajua ni uongo, watafunga mulango miaka. Weye utabaki na jina yako mbele, hapa Bunia."

Didier alikubali mwezi wa tano. Hakusema amekubali. Alimwambia tu mkewe, "Andika yako."

Clémence alianza kazi, na mama Bibiane alimwonyesha njia. Barua ya mkuu wa hospitali ilisema Clémence ni mtu mwenye bidii na tabia nzuri. Mama Bibiane aliirudisha. Bidii haina alama, alisema. Barua iseme alianza lini, anafanya saa ngapi kwa wiki, na kazi zake ni zipi moja moja. Iwe na muhuri, na jina la mtu wanayeweza kumuuliza. Kisha Clémence alishuka Kasenyi, akavuka ziwa, akaenda Kampala kufanya mtihani rasmi wa Kifaransa. Kusema unajua lugha hakutoshi. Karatasi ya mtihani ndiyo inayosema. Kwa miezi miwili kabla ya kwenda alikuwa amefanya mazoezi kila siku na mama Bibiane. Alidhani hahitaji, kwa sababu amesoma kwa Kifaransa. Zoezi la kwanza lilimwonyesha anahitaji sana.

Ikabaki shida moja, na ndiyo iliyowavunja.

Kwenye dosiye ya kwanza, Didier alikuwa amemwandika Falone kama binti yake wa kuzaa. Alinunua cheti cha kuzaliwa chenye jina lake na la Clémence. Hakuona kosa. Mama Bibiane aliona. Alisema kule wanaweza kuomba damu ipimwe. Wakikuta uongo mmoja, dosiye nzima inaanguka. Lakini njia ya kweli ipo: waende mahakamani, waombe adoption, Falone awe mtoto wao kisheria. Jaji bado alikuwepo Bunia wakati ule, na mahakama ilikuwa bado inasikiliza watu. Hukumu ikitoka, Falone atahesabiwa kama Ushindi na Abigaël.

Didier alisimama.

"Niende kwa jaji kuomba mutoto ya Laurent? Nikienda kuomba, ni kusema hakuwa wangu. Laurent iko ananisikia chini ya udongo."

"Mungu anajua iko wako," mama Bibiane alisema. "Familia inajua. Ule mutu wa bureau kule hajui. Jaji ni wa kumwambia yeye, si wa kukwambia weye."

"Apana."

Falone alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Alisikia yote. Aliitua ndoo na kusema tu kwamba bomba la kule chini limekauka, amechota kwa jirani.

Clémence alimwomba mume wake mara nyingi. Mke peke yake hawezi kwenda kuomba mtoto wa ukoo wa mumewe. Didier alisema baadaye. Mwezi wa nane vita viliingia mjini. Jaji alikimbia. Watu walivunja mahakama, wakabeba viti, milango na mabati. Karatasi za kesi walizikuta sokoni, wanawake wanafungia karanga.

Clémence alituma dosiye bila uongo. Alimwandika Falone kama alivyo: binti wa shemeji yangu, yatima, tunamlea, tutaomba adoption mahakama ikifunguka. Aliambatanisha barua ya parokia. Alama zake zilitosha.

Mwezi wa tano mwaka 2003, Bunia iliungua. Familia ililala wiki nyingi chini ya plastiki karibu na uwanja wa ndege, na maelfu ya wengine. Tharcisse hakufika pale. Clémence alikuwa amefunga diploma, matokeo ya mtihani na barua ya kazi ndani ya mfuko wa plastiki, akavifunga tumboni chini ya kitenge. Hakuvifungua hata alipooga.

Viza zilitoka mwaka uliofuata: ya Clémence, ya Didier, ya Ushindi na ya Abigaël. Ziliandikwa tarehe ya mwisho ya kuingia. Mahakama ilikuwa imefunguka tena, na Didier alikwenda siku ya kwanza, kabla mlango haujafunguliwa. Alimwambia karani maneno yale aliyokataa kuyasema. Karani aliandika. Kisha akamwambia kuna kesi za watu waliouawa, hizo zinatangulia, asubiri.

Tarehe ilikaribia. Hukumu haikutoka. Jioni moja Clémence alimuuliza wafanye nini.

"Mutaenda watatu," Didier alisema. "Miye nabaki na yeye. Nilisema ni mutoto yangu. Mutu haachi mutoto yake."

Clémence alikuwa anakunja nguo za Abigaël.

"Ulisema jaji wa kazi gani," alimjibu. "Basi baki, umungoje."

Asubuhi Clémence alimwomba msamaha, naye Didier akamwomba. Lakini neno lilikuwa limekwisha semwa.

Leo Clémence yuko Kanada. Anaosha wazee katika nyumba ya wazee, huku anasoma tena ili aruhusiwe kuwa muuguzi kule, kwa sababu alama za viza si ruhusa ya kazi. Ushindi yuko shule. Hukumu ya Falone ilitoka, imepigwa muhuri. Dosiye ya Didier na Falone imetumwa, ya kweli yote, na Clémence ndiye anayewaita. Mama Bibiane anasema itapita. Familia nyingine nne za mtaa zimekuja kwake tangu hapo, na kwanza anawauliza nani ana alama zaidi, na watoto wa nani wanalala ndani.

Hesabu ya Didier ni hii. Jina mbele: mwaka mmoja. Kumkataa jaji alipokuwepo: miaka mitatu mbali na mke wake, na bado. Viza yake mwenyewe: ilikufa kwenye sanduku. Falone: miaka miwili bila shule, kwa sababu anamsaidia kuuza essence.

Jumapili Clémence hupiga simu. Juzi Abigaël alichukua simu kwanza. Ana miaka saba. Didier alimwambia, ni miye.

Abigaël aligeuka akamwambia mama yake kuna tonton mmoja, mjomba fulani wa Bunia, anataka kumsemesha.

Falone, aliyekuwa amekaa kando na chupa mkononi, akauliza:

"Papa, wanasema nini?"