Miwani Iliyopindwa

Ndugu zangu, wazee wetu tunawapenda, lakini hakuna kinachonichosha kama lile neno lao, "hakiumi." Nisikilizeni.

Fundi saa wa mtaani kwetu alikuwa na asubuhi tulivu kuliko zetu sote. Alikaa dirishani, saa iliyofunguliwa mbele yake, mkewe akimwekea chai mbali na vyuma, maana aliwahi kuikoroga kwa bisibisi. Miaka nenda miaka rudi, jua la dirisha lile lilimpiga upande mmoja wa uso.

Upande huohuo, juu ya sikio, kikamwota kinundu chekundu.

"Mzee, nini hicho?" mkewe aliuliza.

"Kipele tu. Hakiumi."

Binti yao naye aliuliza kwa simu kama kinauma. Hakiumi. Basi, wakahamia kwenye habari za wajukuu. Kinundu kikapewa hata jina, Mpangaji. "Mpangaji kaamkaje leo?" watu walimtania, naye akicheka mpaka machozi.

Shida ikawa miwani. Mkono wa miwani, ule unaopita juu ya sikio, ulianza kukibana kinundu, na fundi, kwa kuwa ni fundi, akachukua koleo akaupinda kwa nje. Baada ya wiki chache akaupinda tena. Mnaona wenyewe alichokuwa akitengeneza: nafasi ya Mpangaji kukua.

Siku moja mkewe, akifuta meza, aliiona miwani imelala upande, mkono mmoja umetoka nje. Akaijaribu usoni kwake, ikaning'inia.

"Umeipinda mara ngapi?"

Mzee akainamia saa iliyokuwa mbele yake.

"Vaa viatu."

"Nina saa ya watu hapa, mama."

"Vaa viatu, mume wangu. Nakuomba." Mzee akavaa.

Hospitalini, daktari alikuwa dada kijana, mpole. "Baba, sikuulizi kama kinauma. Kinakua?"

Mkewe hakusubiri jibu. Aliiweka miwani mezani, nayo ikalala upande. Daktari aliitazama, akampapasa mzee shingo, kisha akakata kipande kidogo cha kinundu kikapimwe.

Majibu yalikuwa mazito. Ilikuwa saratani ya ngozi ya nadra sana, ya seli zinazofanana na za mishipa ya fahamu na za tezi za homoni. Huwapata zaidi wazee, mara nyingi haiumi, na hukua mbio.

Fundi aliushika mkono wa mkewe. "Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Sasa umenitia wote kwa mpigo," alisema, akilia na kucheka.

Kinundu kikakatwa, akapewa tiba ya mionzi. Tezi za shingo zilikutwa salama, ingawa ameambiwa asiache kurudi kupimwa. Leo yupo dirishani, nyuma ya pazia la kumkinga jua, na miwani ameinyoosha kwa koleo lilelile. Kila asubuhi mkewe huivua usoni pake na kuilaza mezani. Ikikaa sawa, anajua hajaipinda tena, naye anammiminia chai.

FUNZO

Ukiona uvimbe mpya kwenye ngozi ya mzazi wako, usiishie kuuliza kama unauma. Uliza kama unakua, kisha mpeleke hospitali upimwe, hata kama anacheka. Na wewe mzee wangu, usitufiche kwa kutuonea huruma. Tusumbue. Tunataka kukusumbukia ungali nasi.