Debe la Shangazi Priscilla

"Gibson amekuondoa."

Hivyo ndivyo simu yangu ilivyoandika. Nimetolewa kwenye grupu ya wachezaji wa gemu yangu mwenyewe! Gemu niliyoiunda mimi!

Na Gibson yuko wapi? Yuko mbele yangu, meza moja, ofisini kwetu hapa Voi. Anakula viazi karai. Hata macho hainui!

Wacha niwaambie, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mimi ni Mkamburi. Kwenye gemu yangu unalima mahindi chini ya mlima Kasigau. Ndovu wakija, unapiga debe. Ukilipiga, simu za kijiji chako chote zinalia, na watu wanaacha shughuli zao kuja kukusaidia kuwafukuza. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Ule mlio niliurekodi Rukanga, shambani kwa shangazi yangu Priscilla, akiligonga debe lake bovu kwa mwiko.

Kazi tuligawana. Mimi naunda gemu, Gibson anaongea na wachezaji. Walichotaka nilikisikia kwake tu.

Juzi akaja na sura ya huruma.

"Mkamburi, watu wamechoka na hilo debe. Ni kelele tu. Litoe."

"Wote?"

"Wote, dadangu! Ungeona vile wanalalamika..."

Nikalitoa.

Leo nikasema niingie grupuni mwenyewe, niwasalimie. "Hamjambo? Mnaionaje gemu sasa?"

Woi!

"Huyu naye ana uso wa kuja hapa?"

"Si ulisema tukitaka debe tukanunue sokoni?"

"Ndovu wamemaliza mahindi yangu na siwezi kuita mtu! Shenzi!"

Mkali kuliko wote alijiita Simba wa Rukanga. "Msichana huyu hana adabu. Tumempa debe, anatulipa matusi."

Matusi gani? Mimi?

Kabla sijajibu, nikaona ujumbe wa Gibson. "Poleni wapendwa. Mkamburi hasikii la mtu. Hamieni gemu yangu mpya, debe lipo. Linki hii hapa."

Halafu akaniondoa.

"Gibson! Ni lini nilisema watu wakanunue debe sokoni?"

"Tulia bana."

"Umenifanya nilitoe ndio uliweke kwako?"

Akajipangusa mafuta mdomoni. "Wewe hujawahi hata kuwasalimia. Hao ni watu wangu."

Watu wake! Jamani! Nilitaka kummwagia ile pilipili ya viazi yote kichwani.

Lakini nikakumbuka kitu. Grupu ni yake, sawa. Gemu ni yangu, na bado iko kwenye simu za watu.

Nikafungua kompyuta, nikalirudisha debe. Kisha nikalipiga mimi mwenyewe, vijiji vyote kwa mpigo.

Ngo! Ngo! Ngo!

Simu ya mtu wa boda pale chini ikalia. Ya mama wa duka ikalia. Na mfukoni mwa Gibson... ngo! ngo! ngo! Kiazi kikamtoka mkononi.

Nikawaandikia wote ndani ya gemu: "Ni Mkamburi. Hayo maneno ya sokoni si yangu. Niliambiwa hamlitaki debe. Nimevamiwa. Nitukaneni mkitaka, lakini leo nitamjibu kila mtu mwenyewe."

Wakaja. Wengine kwa matusi kweli, nami nikawajibu. Wa kwanza kabisa alikuwa Simba wa Rukanga: "Nani amekuvamia? Nakupigia."

Simu ikalia. Nikatazama jina...

Shangazi Priscilla!

Shangazi yangu wa kwaya, mwenye miwani iliyofungwa uzi! Ndiye Simba!

"Shangazi, ni wewe?"

"Ni mimi, na bado nimekukasirikia! Unatoa debe langu hata kunipigia simu huwezi?"

"Nisamehe, shangazi."

"Tutaongea hayo. Lakini debe likilia mimi siketi. Nani ameingia shambani kwako?"

"Gibson."

"Yule niliyempikia kimanga akaomba kuongezwa?"

"Huyo huyo."

"Mpe simu."

Gibson aliipokea kwa mikono miwili. Mengi aliyoambiwa siwezi kuyaandika hapa, ila hili nililisikia kwa masikio yangu: "Na debe uliloweka kwa gemu yako ni langu. Litoe saa hii, nikiwa nasikia!"

Akalitoa. Kisha akakusanya vitu vyake akaenda, na sijamsamehe, msiniombe nimsamehe.

Wenzangu, ukiwatengenezea watu kitu, ongea nao wewe mwenyewe. Mimi nilimwachia mtu mwingine mdomo wangu, akautumia kunitukania shangazi.

Nimefungua grupu mpya. Admini ni Shangazi Priscilla. Ukiingia, msalimie kwanza.