Picha ya Twaha Dirishani

Asubuhi hiyo tulikuwa tunaosha karoti za kupeleka sokoni Soni, kaka yangu Twaha akinichekesha kama zamani. Mwezi mmoja kabla, daktari alituonyesha picha ya ubongo wake: vyumba vya maji vya katikati vimepanuka, nyama ya usawa wa masikio imesinyaa. Pembeni kulikuwa na kovu la utotoni, alipoanguka kutoka kwenye mti wa mapeasi.

"Picha peke yake haitoshi," daktari alisema, "ila ukijumlisha na sauti anazosikia, huu ni ugonjwa. Asiache vidonge."

Vidonge vilimtuliza. Akarudi shambani.

Baba mdogo Amiri hakutaka kusikia. Kwake Twaha alikuwa na majini, na shikamoo ya mwenye majini haiitikiwi. Kila asubuhi kaka alimwamkia, naye alitazama pembeni. Siku hiyo ya karoti, nilipokwenda sokoni, akavitupa vidonge mtoni. Haikupita wiki mbili, Twaha akakimbilia kwenye ukungu akijibizana na sauti zake. Tuliuokota mwili wake korongoni.

Nilimchukia Amiri, wala sioni haya kusema. Hata matanga hayajaisha, aliichukua ile picha akazibia kioo kilichovunjika dirishani kwake. Ningeweza kumkataza. Nikamwachia.

Jua la asubuhi likapenya. Ubongo wa Twaha ukatua ukutani, juu ya kiti anachokalia Amiri akinywa chai. Kichwa chake kikaingia humohumo.

Siku ya tatu aliniita.

"Zakia, unasikia?"

"Nini, baba mdogo?"

"Twaha. Ananiamkia."

"Basi mwitikie."

"Nimeitikia," akanong'ona. "Hanyamazi."

Mkuki kwa nguruwe. Moyoni nilicheka.

Tulimpeleka kwa daktari yuleyule. Aliiinua picha mpya, ya ubongo wa Amiri, kwenye mwanga.

"Mzee aliwahi kuanguka kutoka mtini?"

Hakuwahi. Lakini kovu lilikuwepo. Pembeni. Palepale.

Nilirudi mbio kuibandua ile ya dirishani. Ilikuwa tupu. Haina hata mstari. Nikageuka. Ukutani, ubongo ulikuwa bado upo.

Wanawe wamepaka chokaa mara mbili. Kivuli kinarudi, hata siku ya mawingu. Na Amiri anaitikia tangu alfajiri: marahaba, marahaba, marahaba.

Siku hizi mimi ndiye ninayempelekea chai. Namkalisha kwenye kiti kilekile.