Vanishi ya Nje

Siku ya soko, duka la vifaa vya ujenzi pale Tarime mjini hujaa watu mpaka barazani. Robi alisukumwa na mtu mwenye gunia, akamwangukia muuzaji, Joram, kifuani. Alivaa gauni jeusi la msiba na kitenge cha njano kilichomkaa vizuri kuliko alivyotaka.

"Nataka vanishi," alisema kwa aibu. "Ya msalaba wa mume wangu."

Joram alimpa pole, akamwelekeza. Vanishi ya ndani, ya makabati, jua huibandua kwa msimu mmoja. Ya nje hudumu, ila mguu wa mti upakwe pia dawa ya mchwa. Robi alisikiliza yote, kisha akachukua ya ndani. Joram alidhani amepungukiwa pesa.

Hakujua kwamba kule kijijini Itiryo baba mkwe wa Robi, mzee Mniko, alishatamka mbele ya ukoo: Robi atakaa pale mpaka msalaba wa mwanawe uanguke wenyewe. Akiondoka kabla, binti yake Elieth atabaki. Mzee aliita hiyo heshima, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Walikuwa wamepeana namba pale dukani, na simu zikaanza. Joram alimwita 'mteja wangu mkaidi', Robi akamwita 'bwana rangi', na miezi minane ikapita wanapendana. Kila asubuhi Robi aliugusa msalaba. Vanishi ilishabanduka, mchwa wameingia, mti unacheza. Alifurahi, akajichukia kwa kufurahi. Hakumwambia Joram lolote kuhusu sharti la mzee. Angemwambia siku msalaba ukianguka.

Halafu akaenda Nyamisangura kumuuguza dada yake siku nne. Aliporudi, msalaba ulikuwa umenyooka, unang'aa, mguu umezama kwenye zege.

"Kijana wa dukani amekuja na vifaa vyake," mzee Mniko alimwambia kwa furaha. "Kaung'oa, kakata palipooza, kapaka dawa. Nimemshikia mwenyewe. Yule ana adabu."

Robi alikwenda nyuma ya zizi, akapiga simu.

"Umeuona, mpenzi?" Joram alicheka. "Nilitaka wanizoee kabla sijaja kukuposa."

Robi akamweleza yote.

"Nije niung'oe?" Joram aliuliza.

"Ukiangushwa na mtu, Elieth namkosa. Na wewe wameshakuona sura." Akavuta pumzi. "Niambie ukweli. Utasimama miaka mingapi?"

Mtu mwingine angesema mitatu. Joram hakuwahi kumdanganya mteja.

"Ishirini, Robi. Labda na zaidi."

"Basi oa mwingine, Joram."

Alimsikia akilia, naye akalia. Hakuwahi kumpenda kama dakika ile, kwa sababu alimwambia ukweli. Kisha akafuta namba yake, akaingia ndani kumpikia mzee uji.